Mokowe hadi Mkomani: safari ya kuiona nyumba ya kale ya Lamu

Haya nimeyakusanya baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, hizi za vyumba viwili na sebule zinazoota kila siku kuanzia Kisauni hadi Mtwapa. Nyumba niliyoifuata Lamu ni moja tu: ile ya karne ya 18 iliyoko Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yameihifadhi ionyeshe jinsi Waamu wa zamani walivyokaa. Mengine yote ya safari yalinikuta njiani.

JUMANNE: Mombasa hadi Mokowe

Basi liliandikwa kuondoka saa moja asubuhi, likang'oa nanga karibu saa mbili. Nauli shilingi 1,600. Nilitaka kiti cha kivuli, mpiga tiketi akacheka: asubuhi jua liko kulia, ukishapita Garsen linahamia kushoto, kwa hiyo kila abiria ana zamu yake ya kuungua.

Mombasa hadi Malindi kila mtu anaijua, naiacha. Baada ya daraja la Sabaki minazi inaanza kuadimika, na kabla hujamaliza kulalamika kuhusu joto uko kwenye vichaka vikavu na mbuzi wanaovuka wanavyotaka. Lami ni nzuri siku hizi hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu. Wazee waliosafiri njia hii enzi za tope watakusimulia mabasi yaliyolala njiani, na wakati mwingine Tana iliyofurika.

Garsen tulishushwa wote kwa ukaguzi, vitambulisho mkononi. Msichana mmoja aliyevaa sare alikuwa na kadi ya shule peke yake, na askari akaanza kumuuliza maswali marefu. Mama mmoja mwenye leso ya buluu, ambaye tangu Mombasa alikuwa amesinzia, akajitokeza: "Huyu ni mwanangu, twende naye." Mlangoni mwa basi nikamsikia akimuuliza yule msichana, "Kwani wewe waitwa nani, mwanangu?"

Kwa mnaokuja: kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililofungwa juu ya basi. Vizuizi ni vingi, na mabasi ya njia hii yamewahi kuzuiwa kusafiri usiku kwa sababu za usalama. Ulizia hali ya barabara kabla ya kukata tiketi.

Kabla ya Witu tairi la nyuma likapasuka. Tulikaa chini ya mwembe saa nzima na zaidi, jeki ikikataa kupanda. Yule mama wa leso ya buluu akafungua beseni lake, ndani mna mahamri na mbaazi, akagawa kama aliyealikwa kutulisha. Nilipotoa noti akausukuma mkono wangu. "Weka, baba. Utanunulia wengine."

Witu ukiipita kwa dirisha la basi huoni dalili kwamba palikuwa na sultani. Ahmed, waliyemwita Simba, wa ukoo wa Nabahani wa kisiwa cha Pate, aliweka makao yake huku bara akimkwepa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1885 alitia saini mkataba na ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, na Ujerumani ikatangaza ulinzi juu ya nchi yake. Mwaka 1890 Wajerumani wakawaachia Waingereza Witu katika mapatano yale yale yaliyowapa wao kisiwa cha Heligoland, na mwezi wa Oktoba mwaka huo majeshi ya Kiingereza yakauteketeza mji. Nayataja kwa sababu mkia wa habari hizi utauona Lamu, kwenye chumba kidogo cha posta.

Mokowe tulifika saa kumi na moja jioni. Karibu na gati palikuwa na boriti za mikoko zimepangwa mafungu mafungu, nyekundu bado kwa ubichi wa gome. Nikazipiga picha bila kujua kwamba wiki nzima ningekuwa nikizifuata. Boti ya abiria shilingi 150. Ukishuka Lamu watakuja vijana wengi kukushika begi, wengine kwa malipo. Aliyenishikia mimi alinifikisha mlangoni mwa nyumba ya wageni, akakataa hata soda, akasema anakwenda msikitini na njia ni hiyo hiyo. Chumba shilingi 2,500 kwa usiku, na kifungua kinywa juu yako.

JUMATANO: Nyumba

Chai, mahamri na mbaazi za nazi kwenye mkahawa wa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, shilingi 130. Kisha nikaingia vichochoro vya Mkomani. Hizi ni njia za watu na punda. Ukikutana na punda mwenye magunia ya mchanga, wewe ndiye unayebanana na ukuta, yeye hana habari nawe. Vibao vya makumbusho vipo, lakini mimi nilimwuliza mtoto aliyekuwa akienda chuo cha Kurani, akanipeleka hadi mlangoni.

Kutoka nje hakuna cha kutazama. Ukuta mtupu, mlango, na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, lenye viti vya mawe pande mbili. Tajiri wa leo anataka nyumba yake ionekane hadi barabara kuu. Hawa walikuwa na mali ya kutosha kuijaza nyumba sahani za Kichina, na upande wa njia hawakuonyesha kitu. Mgeni wa kawaida aliishia hapa dakani, akanywa kahawa, akazungumza biashara, akaenda zake.

Msimamizi alinikuta nimeketi hapo. Nikamwamkia, nikamwomba ruhusa.

"Ami, naweza kupima?"

"Pima. Wazungu huja na kile kitaa chekundu cha kupimia, wewe una utepe. Ndoo ndani." Kwa Kiamu, "ndoo" ni njoo.

Ukivuka mlango huoni nyumba. Unaingia tekani, kiukumbi kilichopinda makusudi ili jicho la njiani ligonge ukuta. Ukishapinda ndipo unapokutana na kiwanda, uwanja mdogo ulio wazi juu, na mwanga wote wa nyumba unaingilia hapo. Madirisha ya kuelekea njiani hakuna. Kutoka kiwandani vyumba vinafuatana kwenda nyuma, kimoja baada ya kingine, vyote vimelala sambamba: msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), kisha chumba kiitwacho ndani. Kila unapoingia zaidi, sakafu inapanda hatua moja. Unapanda kadiri unavyokaribia moyo wa nyumba, na kadiri hiyo hiyo mwanga unapungua na watu wanaoruhusiwa wanapungua.

Hapa ndipo utepe wangu ulipofanya kazi. Msana wa kwanza upana wake chini kidogo ya mita tatu. Wa pili, vivyo hivyo. Ndani, vivyo hivyo. Urefu unabadilika, upana haubadiliki. Nikatazama juu: boriti zimechongwa pembe nne, zimepangwa kwa ukaribu, na juu yake mawe na zege nzito la chokaa. Boriti ya mkoko ina urefu wake wa kuaminika. Ukiitandaza zaidi ya hapo chini ya uzito ule, italegea katikati. Basi mwenye nyumba angeweza kuwa na majahazi kumi na bado asipate chumba cha upana wa mita nne. Akitaka ukubwa, aongeze urefu, au aongeze msana mwingine, au apande ghorofa. Ndiyo maana nyumba za mawe za Lamu, Pate na Siyu zina vyumba virefu vyembamba, na ndiyo maana ukiona chumba kipana ndani ya nyumba ya kale unajua chuma au saruji imeshaingia.

Kuta ni karibu nusu mita ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mchana wa saa saba, nje watu wanatafuta kivuli, mle ndani mimi nilivaa shati nililokuwa nimelitundika begani. Matumbawe ni mawe yenye matundu, na chokaa hupitisha unyevu. Ukuta unavuta na kutoa. Jiwe la bahari lenye chembe laini, likichongwa bado lina maji, ni rahisi kwa kisu. Likikauka linakuwa gumu. Mapambo ya milango na mihirabu mingi ya pwani yalichongwa kwa namna hiyo.

Halafu zidaka. Picha zangu zote za ndani ni za zidaka, na hakuna hata moja iliyozitendea haki. Ukuta mzima wa nyuma umegawanywa vijumba vidogo vya lipu nyeupe, safu juu ya safu, vya katikati vikubwa na vya pembeni vidogo, kingo zake zimechorwa kwa mkono. Mwanga wa kiwandani unapofika huko umeshachoka, na weupe huo unaupokea na kuusambaza. Humo ndimo zilimowekwa sahani za Kichina, misahafu, marashi, vitu vya thamani. Mimi nilikuwa nikidhani zidaka ni rafu za urembo. Kwa mtu aliyekaa chumbani bila dirisha, naona sasa kwamba ni taa vilevile.

Nyuma kabisa ni nyumba kati, chumba cha kujifungulia na cha kuoshea maiti. Msimamizi alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Hapa waingia duniani na hapa watoka," akaendelea na funguo zake.

Chooni kuna birika la maji, na ndani yake samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika huwekwa bakuli la Kichina lililojengewa hapo hapo, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Nimechora vyoo vingi maishani na sijawahi kufikiria makazi ya samaki.

Jiko liko juu, kipaa chini ya makuti, moshi unajitokea. Mbuzi ya nazi, kinu, vyungu, vyote vipo. Mimi nilihesabu ngazi nikishuka, na kwa muda nikamfikiria aliyezipanda na maji. Vitanda na kiti cha enzi vinakueleza mwungwana aliketi wapi na mkewe alilala wapi. Waliobeba mawe haya, waliochoma chokaa, waliopandisha maji alfajiri, wengi wao walikuwa watumwa, na katika nyumba za ghorofa walilala chini, pamoja na ghala. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii ya Kenya mwaka 1907, kwa hiyo sehemu kubwa ya umri wa nyumba hii ilipita chini ya utaratibu huo. Mtu akiniambia nyumba hizi zilijengwa kwa ustadi, nakubali. Nataka tu tuutaje ustadi huo pamoja na migongo.

Kabla sijatoka nilimwuliza msimamizi kwa nini njia ya karibu imefunikwa na chumba kinachoelea juu. Ndio wikio, akasema. Baba akiozesha binti humpa nyumba, ama ghorofa juu ya nyumba yake, ama nyumba ng'ambo ya njia. Wikio huwaunganisha, na wanawake huvuka kwenda kwa jamaa bila kukanyaga barabara. Kwa hiyo nyumba ya mawe ilikuwa mali ya mwanamke, mume ndiye aliyehamia. Nilitoka nimeandika kurasa nyingi kuliko nilizopanga, na njaa. Wali wa nazi na samaki wa kupaka mbele ya bahari, shilingi 450, na maji ya bungo juu yake.

Kwa mnaokuja: malipo ya kuingia ni kwa simu, kwa hiyo betri iwe na chaji. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, na uliza kama tiketi moja inakuingiza na kwenye majengo mengine, kwa sababu Ngome, makumbusho makuu na posta ya Wajerumani vyote viko mwendo wa dakika chache. Nenda kwenye nyumba karibu na adhuhuri, jua likiwa juu ya kiwanda. Asubuhi sana ndani ni giza mno kwa kamera ya simu.

ALHAMISI: Chokaa, Ngome, posta

Kelele za nyundo ziliniongoza hadi kwenye nyumba moja ya Mkomani iliyokuwa ikikarabatiwa. Fundi mkuu, mzee mwenye kofia iliyojaa vumbi jeupe, alinipa kiti cha ndoo iliyogeuzwa, kisha kahawa ya tangawizi. Nilikaa hadi adhuhuri.

Mawe, alisema, hutoka Maweni, ng'ambo kisiwani Manda, huja kwa jahazi, kisha hupandishwa kwa punda. Chokaa hupatikana kwa kupanga mawe ya matumbawe juu ya magogo na kuyachoma, kisha inamwagiwa maji na kuachwa ilale. Ikilala wiki ni ya haraka. Ikilala miezi ndiyo anayoitaka. Wenye nyumba wengi hawana subira hiyo.

"Na saruji je, fundi?"

Akachukua patasi, akabandua lipu ya saruji iliyokuwa ukutani. Nyuma yake tumbawe lilikuwa linamomonyoka kama unga, lina chumvi nyeupe. "Saruji haipumui. Maji hupanda kutoka tini, hukosa njia, hula jiwe. Nje waona ukuta mzuri, ndani umekufa." Nimeweka saruji juu ya kila kitu kwa miaka mingi bila swali, kwa hiyo nilikaa kimya nikitazama.

Boriti nazo zina habari zake. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018, wakata mikoko wa Lamu walikosa kazi, na mafundi walikosa boriti halali. Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ukarabati una masharti yake, na masharti hayaji na pesa. Mwenye nyumba aliyerithi na ndugu zake tisa ana mawili: aache dari lianguke au auze. Nyumba kadhaa za Mkomani na Shela zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya. Fundi hakuwalaumu. Wanamlipa, na wengine wao ndio wanaosubiri chokaa ilale. Mimi napata taabu kidogo kulifurahia hilo, ingawa ukuta wenyewe hautajali nani anaulipia.

Alasiri nilipita Ngome haraka. Ilianza kujengwa karibu 1813, baada ya vita vya Shela ambavyo Lamu iliwashinda Pate na Mazrui wa Mombasa, ikamalizika 1821 kwa msaada wa Omani. Zamani ilisimama ukingoni mwa maji, leo iko ndani, mbele yake kuna uwanja na miti mikubwa ambapo wazee hucheza bao. Tangu 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza. Kwenye makumbusho ya mbele ya bahari usizipite siwa, baragumu kubwa za kifalme, ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya Pate.

Posta ya Wajerumani ni kichumba. Ilifunguliwa Novemba 1888, kwa sababu barua za Witu zilihitaji bandari, ikafungwa Machi 1891 baada ya Witu kubadilishwa mikono.

IJUMAA

Mji ulikwenda kuswali, nami pia. Mchana nililala, jioni nikala mishkaki na mkate wa mofa ufukweni, shilingi 250. Hakuna zaidi.

JUMAMOSI: Takwa

Nilitaka kuiona nyumba ile ile ikiwa haina mtu wa kuitunza. Takwa iko upande wa pili wa Manda, mji ulioachwa katika karne ya 17, na wengi husema watu wake walihamia Shela. Boti shilingi 4,000, tukagawana wanne: mimi, mume na mke kutoka Nakuru, na mwanafunzi wa Pwani University. Njia ni mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko, na haupitiki maji yakitoka. Nahodha alituambia saa kamili ya kurudi na hakuwa akitania.

Kwa mnaokuja: kubaliana saa na nahodha kufuatana na maji, na beba maji ya kunywa. Hakuna duka.

Mibuyu imeota katikati ya mji. Msikiti wa Ijumaa una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na nje ya ukuta wa mji kuna kaburi lenye nguzo ambalo watu wa Shela huja kulizuru na kuomba mvua. Nyumba ni magofu ya kimo cha kifua, lakini mtu akishazoea ile ya Mkomani anazisoma bila mwongozo: hapa uwanja, hapa msana, hapa choo, hapo ndani. Milango inaelekezwa kaskazini, na kutoka kisiwa hiki kaskazini ndiko kibla. Yule mwanafunzi alinionyesha mashimo ya mraba yaliyopangwa kwenye ukuta mmoja. Ndimo zilimokaa boriti. Nikatoa utepe, yeye akashika ncha ya pili hadi ukuta wa pili.

Chini kidogo ya mita tatu.

Mke wa Nakuru akauliza tunacheka nini. Tukamweleza njia nzima ya kurudi, hadi mumewe akasema atapima sebule yake.

JUMAPILI: Kurudi

Boti ya kwenda Mokowe alfajiri, basi saa moja na nusu. Kata tiketi ya kurudi siku mbili kabla, hasa wakati wa Maulidi, maana wageni huja kutoka pwani nzima na nafasi huisha kabisa. Garsen vitambulisho tena. Malindi nilishuka dakika kumi kununua halwa. Mombasa saa kumi jioni, bila tairi kupasuka.

Kwa jumla, bila halwa wala zawadi, safari ilinigharimu kama shilingi 18,000, na sehemu kubwa ni chumba. Wawili mkigawana chumba itashuka vizuri. Ninayopanga sasa ni Siyu na Pate, kuona nyumba za aina hii ambazo hazijaingia makumbusho na bado zina wenyewe. Nimeambiwa boti za huko hufuata maji kuliko saa. Mwenye ratiba ya hivi karibuni, au anayemjua mwenyeji wa kupokea mgeni Siyu usiku mmoja, anijulishe.